Wewe Ulipewa Ugonjwa Unaopona

Mdogo wangu Janvier,

Mke wako alipanda mpaka huku kwetu kunisalimia. Nilikuwa nimekaa uani nachagua maharagwe. Aliweka kikapu chini, akaangalia pembeni, akasema, akiniita kaka mkubwa kama unavyoniita wewe: "Yaya, Janvier amerudia mu shimo, anachimba tena." Nilikohoa mpaka akaenda kuniletea maji.

Nilijaribu kukupigia simu, lakini unajua siku hizi nikizungumza pumzi inaisha kabla ya yuniti. Kwa hiyo nakuandikia. Dereva wa pikipiki anayeshuka Walikale atakupa karatasi hii, kama barabara iko wazi.

Nataka ukumbuke siku ile tulipokwenda hospitali ya Mweso. Sote wawili tulikuwa tunakohoa tangu tulipotoka kuchimba kule msituni, na wewe ulikuwa umeanza kutema damu. Tulipanda pikipiki moja, wewe katikati, mimi nyuma nikikushikilia usianguke. Wiki iliyotangulia walikuwa wamechukua makohozi yetu na kutupiga radio ya kifua, ile picha ya mapafu. Tulikaa kwenye benchi tukingoja majibu, na wewe ulikuwa unachekelea kila mtu aliyepita, maana ndivyo unavyofanya ukiogopa.

Walikuita kwanza. Ulitoka ukilia kama mtoto.

"Yaya, niko na TB. Nitakufa."

Nilikukumbatia mbele ya watu wote. Nikakuambia: "Hapana. TB inaponaka. Utameza dawa, itaisha." Kisha wakaniita mimi.

Daktari alisema sina TB. Nilipiga makofi, Janvier. Nilisema asante Mungu kwa sauti, na nilitaka kutoka mbio nije nikuambie kwamba angalau mmoja wetu amepona ili amhudumie mwingine. Lakini daktari hakusimama kuniaga. Aliinua ile picha kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza: "Ulikuwa unafanya kazi gani, Papa?"

"Nilikuwa nachimba kasiterite, majiwe ya bati, mu Walikale."

"Njo hii. Ni vumbi ya majiwe. Iliingia mu mapafu, ikabakia mule. Haitatoka tena."

"Dawa haiko?"

"Ya kukusaidia kupumua iko. Ya kuponesha, hapana."

Nilipotoka ulikuwa umeshafuta machozi. Ukaniuliza, "Na weye?" Nikakujibu kwamba sina TB. Ukanishika mkono, ukasema: "Uko na bahati, yaya." Njia nzima ya kurudi, mpaka tukapita Kitshanga na kuanza kupanda mlima wetu, nilikuwa na jibu mdomoni na sikulitoa. Ulikuwa na woga wako wa kukutosha.

Ukaanza vidonge. Unakumbuka asubuhi ulipoona mkojo umekuwa mwekundu, ukapiga kelele hadi jirani akaja na panga akidhani kuna mwizi? Tulicheka siku ile, hata mimi. Lakini wiki zilivyokwenda kicheko kilinikauka. Mama alikutunzia maziwa na mayai. Mashavu yako yalijaa. Kikohozi chako kikapungua, kikawa cha asubuhi tu, halafu siku moja nikagundua kwamba kikohozi ninachokisikia nyumbani ni changu peke yangu. Ulikuwa unanipita njiani na gunia la viazi mgongoni, huku unapiga mluzi. Mluzi, Janvier! Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe nikingoja pumzi irudi, na wewe ulikuwa nayo ya kuchezea.

Ulipomaliza dawa, Mama alitoa shukrani kanisani. Ngoma zililia, ukacheza mbele ya madhabahu mpaka shati likalowa. Mchungaji alimshukuru Mungu aliyekuponya. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango ili nipate hewa, na nakuandikia kama ilivyokuwa: niliona wivu ambao sijawahi kumwonea mtu yeyote, hata kwa shamba, hata kwa mwanamke. Nilitamani TB yako. Nilimuuliza Mungu kwa nini hakunipa mimi ugonjwa ule, ambao ukimeza vidonge unaisha, kisha unachezewa ngoma. Nani anapigia ngoma ugonjwa wangu?

Sasa nakaa nao. Woga wenyewe hunifikia kabla ya pumzi kuisha. Naangalia mteremko wa kwenda mtoni, na kabla sijainua mguu moyo umeshaanza kukimbia. Muuguzi mmoja alinifundisha kuinama, mikono juu ya magoti, nipulize polepole kama mtu anayepoza uji wa moto. Aliniambia: "Papa, usifukuze pumzi. Toa kwanza, itarudia yenyewe." Mke wangu alijifunza naye. Nikishikwa anakaa mbele yangu, tunapuliza pamoja, mashavu yamevimba, mpaka mmoja wetu anacheka. Kuna siku inanisaidia. Kuna siku namwonea wivu na yeye, kwa sababu akichoka kupuliza anaacha.

Uliposema unakwenda Walikale kuuza chumvi na sabuni, ndipo nilipokuambia ukweli wa kifua changu. Ulinilaumu kwa nini nilikuficha, ukalia, kisha ukaapa mbele yangu na mbele ya Mama: "Mu shimo sitaingia tena." Nilikuamini. Najua biashara imekuwa ngumu, najua watoto wanakula kila siku. Mke wako ameniambia yote, na hakukusema vibaya.

Lakini Janvier, wewe ulirudishiwa kifua. Sijui kama unaelewa kitu ulichopewa. Unalala chali. Unagombana na mtu bila kupumzika katikati ya tusi. Unamwita mtoto wako aliye ng'ambo ya bonde na anakusikia. Mimi nikiamka navitazama vitu hivyo vyote kwa macho tu, na wewe unavibeba kila asubuhi kuvipeleka kwenye vumbi lile lile. Wivu wangu niliuvumilia ulipopona. Huu wa kukuona unachezea uzima wako unanitia hasira, na hasira inanimaliza pumzi.

Rudi nyumbani. Shamba la juu, lile Baba alilonigawia, sifiki tena. Nimezungumza na Mama na mke wangu, na tumekubaliana: ni lako. Msimu wa maharagwe unakaribia na udongo ule bado ni mweusi. Usifikiri nakupa kwa moyo mweupe. Nililia nilipolisema neno hilo, na utakapokuwa unapanda kule na jembe begani, mimi nitakuwa huku chini kwenye kiti, nikikutazama, na roho itaniuma kila siku utakayopanda.

Iache iniume. Nataka nikuonee wivu mpaka uwe mzee.

Ni mimi, yaya wako.