Kwa Nini Wali Wangu Hauungui

Kasongo, Jumapili. Mvua ilianza kabla ya alfajiri, na saa nane mchana ilikuwa bado inapiga mabati. Moyo wangu ni mzito, ingawa si uzito ule wa jana. Simu imebaki na chaji kidogo, kwa hiyo nitaandika yaliyo muhimu tu.

Kila nyumba ina maneno yake ambayo jirani hayajui. Sisi, tulipokuwa tunakaa Kabambare, tulikuwa nayo mengi. "Kubibia" ni kujifanya umelala mgeni anapobisha hodi, kwa sababu Bibi mzaa baba alikuwa bingwa wa jambo hilo. Aliweza hata kukoroma. "Tengetenge" ni mahali penye utelezi kwenye barabara ya Wamaza, ambapo Baba alilazimika kushuka kwenye baiskeli yake yenye madumu ya mawese na kuisukuma. Baadaye likawa jina la kila jambo gumu. Mtoto akishindwa na hesabu, amefika tengetenge. Siku Baba alipofariki, Mama alinipigia simu na kuniambia hivyo tu: tumefika tengetenge. Nilielewa, nikakaa chini.

Na lilikuwapo neno "kwaruku".

Kwaruku ni ule wali unaoshika chini ya sufuria, mkavu, wa kahawia, unaokwanguliwa kwa mwiko huku watoto wamezunguka wanangoja. Wengine husema ukoko. Kwetu lilikuwa neno la mdogo wangu Riziki, au ndivyo nilivyoamini mpaka leo mchana.

Riziki alifia porini, ng'ambo ya Wamaza, mwaka ule tuliokimbia vita. Alikuwa na miaka minne, mimi minane. Ilikuwa homa, na dawa hatukuwa nayo. Baba alichimba kwa jembe la kuazima, Mama akavua kitenge chake cha juu ili tumfunike. Tangu siku ile hakuna aliyetamka kwaruku nyumbani kwetu. Hakuna aliyekataza pia. Neno lilibaki kule.

Binti yangu sasa ana miaka miwili. Nilimpa jina la Riziki, na kwetu mtoto anayebeba jina la marehemu hupokelewa kama vile marehemu mwenyewe amerudi kidogo. Mama humwita mwanangu, hamwiti mjukuu, na hataki nimguse hata kwa kofi dogo. Safari iliyopita alipokuja kutoka Kabambare alimkagua mtoto kama anayenunua kitambaa. Alitazama nyuma ya sikio. Alitazama anavyolala. Hakupata alama ya marehemu aliyoitafuta. "Haiko neno," alisema, lakini nilimwona usoni kwamba amevunjika moyo.

Basi niliamua kumtengenezea alama.

Naandika hili kwa aibu. Majuma mawili kabla Mama hajafika safari hii, nilijifungia jikoni na mtoto wangu kama mwizi, nikamfundisha neno la marehemu. Ilibidi kwanza niache wali ushike chini, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulifanya tangu niolewe. Majirani husifu wali wangu kwamba hauungui. Mume wangu, aliye Lusangi kwenye biashara ya dhahabu, hujigamba nao mbele ya wenzake. Hakuna anayejua kwamba nikipika sibanduki jikoni, napunguza moto, naondoa kuni, nachungulia, ili chini ya sufuria pasibaki kitu cha kukwangua.

Alhamisi tukiwa tunakula, mtoto alinyoosha kidole kwenye sufuria akasema kwaruku. Mama aliweka sahani chini. Akatoka nje, akasimama ukutani na kitenge usoni, muda mrefu. Aliporudi alimnawisha mtoto mikono.

Ijumaa alikaanga vitumbua akavipeleka msikitini, sadaka kwa watoto wa chuo cha Kurani. Jana nilimsikia anaimba akifagia uani. Hakuwa ameimba tangu Baba atutoke. Nilisimama mlangoni na ndoo ya maji mkononi, nikatamani ardhi inimeze. Mimi ni mwalimu. Kila juma nawaambia watoto wa darasa la tano kwamba njia ya mwongo ni fupi, na hapo uongo wangu ulikuwa umeshatolewa sadaka.

Chini ya uongo huo kulikuwa na jambo lingine.

Kule porini tulipika alfajiri tu, ukungu ukiwa chini, ili moshi usijulikane. Asubuhi moja Mama alinipa kwaruku kwenye jani, akaniambia nigawane na mdogo wangu. Riziki alikuwa amelala. Nilienda nyuma ya mti, nikala yote. Siku mbili baadaye hakuwapo.

Hakufa kwa sababu ya kipande cha wali. Najua. Nafundisha sayansi, najua homa ni nini. Lakini moyo wangu haukwenda shule.

Leo baada ya sala ya adhuhuri Mama alikaa barazani na ungo, anachagua mawe kwenye mchele. Mtoto alikuwa amelala ndani. Nilikaa mkekani nikasema kabla woga haujanirudia: "Mama, Riziki hakusema yeye mwenyewe. Ni miye nilimufundisha."

Hakuinua kichwa. Alitoa jiwe, akalitupa mvuani.

"Najua," akasema. "Mutoto wa miaka mbili angeitoa wapi?"

Nilimuuliza basi alilia nini.

"Nililia juu yako." Vidole viliendelea kuchagua mawe. "Ile neno haikukuwa ya Riziki. Ni yako. Ulikuwa mudogo kuliko huyu, unakwangula sufuria na vidole, unasema kwaruku, kwaruku. Baba yako akacheka mpaka akakaa chini. Riziki aliikuta mu nyumba."

Miaka yote hii nimeliogopa neno langu mwenyewe.

"Tulipotoka mu pori ukaiacha," Mama akaendelea. "Ukaacha kula chini ya sufuria, ukaacha kusema vile. Nikajiambia, nimezika watoto wawili."

Hapo ndipo nilipomweleza habari za lile jani. Nilizungumza nikiutazama mkeka. Nilitaja mti, nilitaja jinsi nilivyojipangusa mdomo. Mama aliweka ungo kando, na nilifikiri atainuka aniache.

"Nilikuona," akasema. "Nilikuona nyuma ya ule muti, nikaacha ukule. Riziki alikuwa na moto mu mwili tangu jana yake, alikuwa anakataa kila kitu. Sikujua kama uliibeba mpaka leo." Kisha akasema, "Weye pia ulikuwa mutoto, Zaina."

Tangu nijifungue ananiita Mama Riziki. Nilikuwa nimesahau jina langu linavyosikika kinywani mwake.

Tulilia, ndiyo, lakini si kwa sauti. Baadaye nilimuuliza habari za vile vitumbua, maana viliniuma sana. Alicheka kidogo, akasema sadaka hairudishwi, na tena yeye aliitoa kwa ajili yangu.

Kuna swali moja lililobaki, na hili ndilo linaloniuma sasa ninapoandika. Kama kwaruku ni langu, basi Riziki alituachia neno gani? Nilimuuliza Mama. Alirudisha ungo mapajani. Akasema Riziki hakuwa mtu wa kutunga maneno. "Yeye alikuwa anapenda yako."

Hatuna picha yake. Kaburi lake sijui kama lingepatikana tena, pori limeshakuwa mashamba ya watu. Nilidhani walau nina neno lake, na leo nimelipoteza hilo nalo. Nilichopata badala yake ni mtoto wa miaka minne anayenifuata nyuma kila niendako, anarudia ninayosema. Nilikuwa nimemsahau huyo. Nilikumbuka yule wa mwisho tu, aliyelala.

Mama atarudi Kabambare Jumatano, barabara ikikubali pikipiki. Mtoto ameamka, yuko magotini mwake, wanachezea vifungo vya blauzi.

Kesho nitapika wali, na sitapunguza moto.