Samaki Huyu Anaomba Ruhusa

Kabondo, Kisangani

Mama yangu mpenzi,

Kabla ya yote, mwambie dada Zaina asifungue ule mzigo uliofungwa kwa majani na kamba. Najua pua yake imeshamwambia ni samaki. Asome kwanza barua hii mpaka mwisho, kwa sauti, na wewe ukae mahali utakapomsikia vizuri. Ndani ya mzigo kuna swali, na jibu ni lako peke yako.

Habari za huko Kasongo? Mguu wako unaendeleaje na mvua hizi? Mpunga umesimama, au ndege wameshajikaribisha kama mwaka jana? Sisi huku tu wazima, Mungu asifiwe. Mkweo Faustin bado anafanya kazi na watu wa chuo kikuu kule msitu wa Masako. Anaondoka Jumatatu na baiskeli, anarudi Jumamosi na matope. Watoto wanakula, wanapigana, wanapatana, wanakula tena. Cherehani yangu bado iko barazani na wateja hawakosi, hasa karibu na sikukuu, maana wanawake wa Kisangani hawawezi kwenda kanisani na nguo ambayo jirani ameshaiona.

Sasa nije kwenye lile linalokuuma. Nimesikia kwamba shangazi wa Kindu amekupigia simu, akakuambia nimeonekana kwenye video nimesimama ndani ya mtumbwi, kitenge nimekikaza magotini, na baba mkwe wangu ameketi nyuma yangu. Mama, ni kweli. Ila video haikuonyesha mambo yote. Ningekupigia, lakini mtandao wa huko unakatika kila ninapofika penye utamu, na haya si maneno ya kukatwakatwa.

Unakumbuka siku mliponileta kwa mume. Ulisimama mbele ya Papa, baba yake Faustin (jina lake silitaji, hata kwenye karatasi, ulivyonilea ndivyo nilivyo), ukamwambia kwamba kwetu mke wa mwana haongei na baba mkwe ana kwa ana, hamtazami usoni, wala hali mbele yake. Watu wa mto wakaangaliana. Wao huku wanataniana na wake za wana wao kutwa nzima. Lakini Papa hakucheka. Alisema, "Mama, neno yako nimeisikia. Itakaa." Na kweli ilikaa. Tangu siku ile tunaishi nyumba moja, na kila neno linapita kwa mama mkwe wangu, Mama Faustin. Hata nikiwa hapo hapo na sahani mkononi, Papa atamgeukia mkewe, nami ataniita mke wa Faustin tu: "Ambia bibi ya Faustin, chumvi imepungua." Nami nitamwambia Mama Faustin, "Mwambie Papa, chumvi inakuja."

Basi, mvua zilipoanza, Papa aliteleza kwenye ukingo wa mto akaangukia bega la kulia. Mfupa haukuvunjika, lakini mkono ule haupandi tena kupita sikio. Kwa mtu mwingine ingekuwa hasara ndogo. Kwa Papa ilikuwa msiba. Yeye ni mtu wa ndoano, mzaliwa wa upande wa Yanonge, na samaki wake ni kapiteni, yule mkubwa mwenye nyama nyeupe. Kapiteni ana majivuno: chambo kilichokufa hakigusi. Anataka kisamaki kilicho hai, kinachochezacheza kwenye ndoano. Na ili upate visamaki hivyo hai lazima urushe wavu, ule wa duara wenye vipande vizito vya risasi ukingoni, wenyewe wanauita eperivie. Kuurusha kunataka bega.

Vijana wa kumsaidia hakuna, wote wamepanda pikipiki za abiria. Faustin akishika wavu anaonekana anapigana nao. Basi Papa akaacha mto. Alikaa barazani karibu na cherehani yangu, uso ameuelekeza barabarani, akiangalia baiskeli za toleka, zile za kubeba abiria, zikipita na watu wao. Mama Faustin alimtwangia lituma, ndizi laini na mawese kama anavyopenda, naye akaonja kwa vidole viwili akasukuma sahani. Mama, nilimwona mtu akiisha mbele yangu, na mimi siwezi hata kumwambia pole. Iliniuma sana.

Wavu wake ulikuwa umetundikwa ukutani, umetoboka. Siku moja wateja walikuwa wachache, nikaushusha, nikaziba matundu. Sikumwuliza mtu. Fundi wa nguo akiona tundu mikono inamwasha. Papa alikuja, akaupitisha vidoleni fundo kwa fundo, kisha akaita jikoni, "Mama Faustin! Ambia ye, mukono yake inajua kamba."

Nami nikapaza sauti kuelekea jikoni, "Mama Faustin, mwambie Papa: kama mikono inajua kamba, anifundishe kuurusha."

Halafu Mama Faustin akatoka na mwiko mkononi, akacheka mpaka akakaa chini. Papa hakucheka. Aliniangalia miguu, maana uso haangalii, kisha akasema, "Ambia ye akuje kesho asubuhi, hapa kwa lupango. Mbele ya mutu kuingia ku mayi, anajifunza ku udongo."

Lupango ndiyo ua wetu. Sasa sikiliza jinsi unavyorushwa, ili ukiniona kwenye video ujue nilikuwa nafanya kazi, sichezi ngoma. Kamba ya wavu unaifunga kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Sehemu moja ya wavu unaiweka begani, nyingine unaishika kwa mkono wa kulia, na ukingo wake, penye kipande cha risasi, unauuma kwa meno. Unazungusha kiuno, unarusha, na wakati ule ule unaachia meno. Ukiachia vizuri, wavu unafunguka duara angani na kushuka juu ya visamaki vyote kwa pamoja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kifundi. Nilikusanya wavu mikunjo mikunjo, yote sawasawa, kama ninavyokunja kiunoni mwa sketi ya bibi harusi. Nikarusha, ukaenda mzima mzima kama furushi la nguo chafu. Papa akafumba macho. "Mama Faustin, ambia ye, hii haiko jupe!" Yaani si sketi.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Mama, unajua mdomo wangu. Tangu nilipoanza ushonaji, pini zangu zinakaa kati ya meno, na fundi anayefungua mdomo akiwa na pini atazimeza. Kwa hiyo chochote kikiingia kati ya meno yangu, yanajifunga kama kufuli. Nilirusha wavu, mikono ikaachia, kiuno kikaachia, meno yakakataa. Risasi ilinivuta nikaenda nayo hatua kadhaa, mikono mbele, mpaka kwenye sufuria za Mama Faustin. Jino la mbele lilicheza wiki nzima. Watu wa toleka wakawa wanasimama kwenye uzio wetu kuangalia, abiria wao wakiwa nyuma, wala abiria hawakulalamika.

"Ambia ye aachie meno!" Papa anasema.

"Feza, achia meno," Mama Faustin anasema.

Nami nimeshaanguka zamani. Siku niliyofanikiwa kidogo nilimnasa kuku wa jirani, akiwa hai kabisa, na jirani akadai kwamba tangu siku hiyo kuku hatagi. Lakini sikiliza jambo hili: jioni ile Papa alimaliza sahani ya lituma na kuomba nyingine. Nilijua basi kwamba siwezi kuacha, hata meno yote yacheze.

Tukashuka mtoni. Mama Faustin alishika kasia nyuma, maana wanawake wa huku wanapiga kasia kuliko waume zao. Papa aliketi katikati, akamgeukia mkewe, mimi nimesimama mbele na wavu begani. Unajua mimi na maji. Huko kwetu maji nilikutana nayo kwenye ndoo tu. Chini yangu mto mzima ulikuwa unapita kahawia, na mtumbwi ulikuwa unacheza kila mtu akipumua.

Na tabu yetu ikaonekana hapo. Visamaki vinapita kwenye maji mafupi karibu na mchanga, kundi zima, vinametameta mara moja tu. Papa anageuza shingo, anaviona. Anamwambia Mama Faustin, "Ambia ye, viko kushoto." Mama Faustin anapaza sauti juu ya kichwa cha mumewe, "Feza, kushoto!" Neno likifika kwangu, visamaki vimeshafika kwa jamaa zao. Tulifanya hivyo siku nyingi. Tulirudi na majani, na mara moja na kiatu. Wifi yangu ndiye aliyetupiga ile video akiwa ukingoni, na kicheko chake nadhani mlikisikia.

Mwishowe Mama Faustin alichoka. Aliweka kasia magotini, akasema, "Bon! Miye si telefone yenu. Samaki hazingojee mutu apige kwanza."

Nami nilijua wanangojea niseme sasa tuongee ana kwa ana, nikijua pia kwamba neno lile ni lako na si langu kulivunja. Niliona haya, Mama. Nikaona pia kwamba Papa ameinamisha kichwa kama alivyokuwa anainamisha pale barazani. Nikafikiri, kesho hatatoka tena.

Ndipo maji yakachemka mbele yangu. Kundi kubwa, Mama, maji yote yalikuwa yanang'aa.

"Feza!" Papa alipiga kelele. Hakumgeukia mkewe. Hakusema bibi ya Faustin. "Feza, mutoto yangu, tupa!"

Nikazungusha kiuno, na kwa heshima uliyonifundisha wewe mwenyewe, kwamba mzee akiita mtoto anaitika, nikaitika. "Ndiyo, Papa!"

Meno yakaachia! Huwezi kuitika umeuma. Wavu ukatoka mdomoni kwa wakati wake, ukafunguka angani duara kamili, sijapata kukata kitambaa duara namna ile. Ukashuka taratibu, ukafunika kundi lote. Mama Faustin alipiga vigelegele, mpaka wavuvi wa ng'ambo wakasimama kwenye mitumbwi yao. Mimi nililia. Papa alikuwa anapiga ubao wa mtumbwi kwa ule mkono mzima, pa, pa, pa, kama mtoto.

Tulivitia visamaki kwenye beseni la maji, mikono imelowa ili magamba yasibanduke, na Papa mwenyewe akavitunga kwenye ndoano zake, mgongoni, juu juu, ili viendelee kuogelea. Asubuhi iliyofuata kamba moja ilikuwa imekaza. Papa alimvuta samaki kwa mkono mmoja, Mama Faustin akamshika mumewe kiunoni, mimi nikamshika Mama Faustin. Aliyetoka ndiye huyo aliye mbele yako.

Wanawake wanaouza samaki sokoni walitukimbilia ukingoni. "Papa, uniuzishe ile kapiteni!" Yeye akajibu, "Hapana, mama. Iko na mwenyewe, kule Kasongo."

Kwa sababu furaha ilipotulia, Papa alikumbuka. Alimgeukia mkewe akasema polepole, "Ambia bibi ya Faustin, nimevunja neno ya mama yake." Tangu hapo hajaniita tena jina langu, wala mimi sijamwitika. Tumerudi kwenye telefone. Na wavu nao umerudi kuwa furushi; nimejaribu kila siku, meno yanajifunga. Papa anakwenda barazani, anakaa, anauliza Shabani, mchukuzi wa mzigo huu, atafika Ubundu lini, kama boti itaondoka kwa wakati, kama Kindu atalala au atapita.

Mama, ni wewe uliyenisimulia kwamba mwiko huu una mlango. Uliniambia babu yangu, baba yake Baba, alimpelekea mama yako mbuzi, mama yako akala, na kuanzia siku hiyo ukaanza kumsalimia babu kwa mdomo wako. Papa aliuliza kama kuna njia, nikamweleza kwa kinywa cha Mama Faustin. Mbuzi hana. Ana samaki, na ndiye samaki bora aliyewahi kumtoa, anavyosema. Mama Faustin amemkausha kwa moshi polepole ili afike mzima, na kichwa hakikuguswa. Ukikila kichwa, umeturuhusu. Usipotaka, mpe Zaina na wengine wale mwili, kichwa kirudi na Shabani, na sisi tutaheshimu. Papa amesema hatakasirika. Lakini mimi nilimwona alipokuwa anafunga mzigo huu: fundo moja alilifungua na kulifunga upya mara tatu.

Nisalimie Zaina, dada yangu mwenye pua. Msalimie mjomba mfinyanzi, na umwambie chungu chake bado kinapika. Shangazi wa Kindu mwambie video nyingine inakuja, anunue megabaiti. Mkono wa heri kwa bibi jirani aliyeninyonyesha ulipokuwa mgonjwa. Mama Faustin anakusalimu, anasema mtoto uliyempa ni mbishi, na anashukuru.

Papa naye anakusalimu. Amemwambia mkewe aniambie nikuandikie kwamba kwenye kapiteni, sehemu tamu kuliko zote iko nyuma ya macho.

Tafadhali, Mama, anza na hapo.

Mwanao, mwenye meno yote bado,
Feza