Tembo Aliyekataa Chakula

Jumapili, Budondo. Mvua inanyesha tangu asubuhi, barabara ya kwenda Jinja ni tope tupu, na safari yangu ya kurudi Mbale imekwama. Afadhali.

Leo Mama amekishika kitabu chake kichwa chini.

Ni kitabu cha picha ambazo Wabuddha walichora kwenye kuta za mahekalu ya mapangoni, huko India. Alipewa na mwalimu kutoka Sri Lanka, ambaye Mama alikuwa akimpikia mjini Jinja, siku mwalimu alipokimbia vita. Mama alikificha ndani ya gunia la mihogo mikavu. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo kila adhana anakifunika kwa kitambaa, akimaliza kuswali anakifunua.

Wakati wa vita hivyo, tulipojificha migombani, njaa ikituuma, alituonyesha picha ya tembo mweupe aliyenaswa msituni akapelekwa kwa mfalme. Tembo alikataa kula mpaka alipoachiliwa. Nasi tukanyamaza, tukijiona majasiri kama yeye.

Mama hajui kusoma, picha zilimtosha. Mimi najua, na sikuwahi kujisumbua. Leo nikimgeuzia kitabu kikadondoka kijitabu: mafundisho ya Buddha kwa watu wa kawaida, wenye familia zao, wasio watawa. Kando ya kila fundisho mwalimu ameandika kwa penseli namba ya ukurasa wa picha yake. Penye fundisho kwamba aliyelelewa na wazazi naye awalee, kuna ukurasa wa tembo. Na chini yake maelezo: alikataa kula kwa sababu mama yake, kipofu, alibaki msituni bila wa kumlisha.

Mama kipofu! Mama yetu hakuwahi kututajia.

Nikamuuliza kama mwalimu hakumwambia. Akanijibu kwa Kiswahili chake alichojifunza jikoni kwa mwalimu: "Alisema. Zamani nyinyi watoto, mimi hapana taka kuwatisha. Sasa macho yangu imekwisha. Nikisema hiyo, wewe utaacha kazi ya Mbale."

Nimelia, wala sioni haya kuandika. Miaka yote najiona mtoto mwema kwa kumtumia sukari na vitenge. Vitenge ambavyo Mama haoni rangi zake, na mimi tangu Idi sikuwa nimekuja.

Mchana nimemtolea samaki miiba, nikamlisha. Amekula vizuri, akalalamika chumvi haitoshi. Halafu akauliza, kama anauliza jambo dogo tu, kama chumba changu cha Namakwekwe, kule Mbale, kina mahali pakavu pa kuweka kitabu.

Papo, Mama. Mvua ikikatika kesho, tunaondoka wawili.