Sinema Niliyoitazama kwa Nyuma

Mwanangu Zuhura,

Nakusalimu upesi kabla sijasahau, maana moyo umejaa na mkono wangu mzito. Herufi zangu ni hizihizi za chuo cha Kurani, usome taratibu. Unakula? Maji ya huko mnachemsha?

Unalikumbuka gari la sinema lilipokuja Kiwangwa mara ya kwanza? Walifunga shuka jeupe kati ya mikorosho miwili. Wanaume wakakaa upande wa gari, sisi wanawake tukatandika mikeka upande wa pili, tusichanganyike nao. Magharibi ilipopita, shuka likawaka. Subhanallah! Ng'ombe anatembea juu ya nguo! Nikakushika mkono mpaka ukasema, "Mama, unaniumiza."

Kila mtu akapata yake. Baba yako alitaka za kuchekesha, za yule mtu anayeanguka na baiskeli. Shangazi yako Tatu akapenda za farasi na bunduki, akimtukana adui kama jirani yake. Mimi roho yangu nyepesi, za bunduki nilizichungulia kwa pembe ya kanga. Nilipenda ile ya mto tu, maji yanapita na hafi mtu. Wewe hukuchagua yoyote, mpaka ilipokuja ya hospitali. Nesi kavaa nyeupe, anamlisha uji mtoto mgonjwa. Ukasema, "Mama, nataka niwe kama yule."

Mimi nikaona nini? Anamlisha kwa mkono wa kushoto! Nikapiga kelele, "Astaghfirullahi, mkono wa chooni!" Tangu hapo kila ulipotaja unesi nilikujibu, "Kwa wale wa kushoto? Huendi." Baba yako akakuruhusu. Siku ya safari uliniomba radhi mlangoni, kikapu mkononi, nami nikakupa mgongo nikachochea moto. Na moto wenyewe ulikuwa unawaka vizuri.

Juzi gari limekuja tena. Upande wetu maji ya mvua yalikuwa yametuama, wazee wakasema wanawake tukae mbele, upande wa gari, wanaume wasogee kando. Ikaja picha ileile ya hospitali. Nesi akashika kijiko, kwa mkono wa kulia! Nikasema kwa sauti, "Alhamdulillahi, wamemfundisha!"

Shangazi yako akacheka mpaka akajifunika uso. "Wifi wewe! Huyo ni yuleyule. Siku ile tulikaa mgongoni kwa shuka. Kwa nyuma kila kitu hugeuka."

Sikumwamini. Nikanyanyuka mbio, nikakanyaga tope mpaka nyuma: kushoto. Nikarudi mbele: kulia. Na uji ulikuwa haujaisha, mtoto bado kafungua kinywa. Nikasimama pale, miguu imelowa, nuru inapenya nguo kama vile hakuna nguo. Nguo nyembamba vile, ndiyo iliyonifanya nikunyime neno ulilolililia.

Sasa ukiniuliza napenda sinema gani, ni hiyo. Niliitazama mpaka mwisho bila kujifunika, nikiutafuta uso wako chini ya kile kilemba cheupe.

Radhi uliyoiomba mlangoni nakupa leo, yote, ya dunia na ya akhera. Ukimlisha mtoto wa mwenzio sema bismillahi, na uji uupoze kwanza.

Ni mimi mama yako,
niliyekaa nyuma ya shuka