Mabuti ya Marehemu Baba

Mpendwa Mama Mshauri,

Shikamoo. Kwa unyenyekevu naomba msaada wako, kwani nimechoka kiasi kwamba hata usingizi haunipumzishi. Mimi ni mhitimu wa shahada ya usimamizi wa usafirishaji, mkazi wa Pito, na nimepata nafasi katika kampuni ya mizigo bandarini Kasanga, nafasi niliyoihangaikia tangu nihitimu, lakini sithubutu kuondoka kwa sababu mama yangu, Bertilla, anaanguka, na kila anapoanguka chanzo ni mavazi yake.

Tulipomaliza msiba wa baba na ndugu wakaketi kugawana nguo zake kama ilivyo desturi, mama aliwaachia suti, mashati na hata kofia, ila akakatalia mabuti ya mpira na koti refu, na tangu mvua zianze huvivaa kila asubuhi, mabuti yakiwa makubwa mno hata ameyajaza matambara kwenye vidole, koti likiburuzika juu ya kitenge kinachogusa ardhi, kisha anashuka shambani kwenye matuta yetu ya duara, ambako utelezi haumheshimu mtu, na huko ameanguka mara mbili, ya pili akateguka kifundo cha mguu.

Shangazi Cornelia, kwa nia njema, aliyaficha mabuti hayo darini, mama akabaki anazunguka nyumbani na soksi za sufu kwa ajili ya baridi, juu ya sakafu ya saruji iliyosuguliwa nta, akateleza kwenye mlango wa jiko na kuumia nyonga, ikabidi shangazi ayarudishe. Nimemweleza mama kwa hoja na kwa upole, nikamfuata hadi shambani, akageuka akaniuliza, "Flavian, umekuja kunisaidia au kunichunga kama mbuzi?" Nilipombana zaidi alisema polepole, "Baba yako alikuwa anatangulia, mimi nakanyaga alipokanyaga. Nikiyavaa haya, nasikia bado kuna mtu mbele."

Mwajiri anataka jibu wiki hii. Je, niiache kazi nibaki kumshika mkono, au niondoke nikasubiri simu ya msiba?

Wako mtiifu,
Flavian, Pito

*

Flavian,

Marahaba, na pole. Kumuuguza mtu anayetembea kunachosha kuliko kumuuguza aliyelala. Ila umemwendea mama yako kama unatetea tasnifu. Hata ukimshinda kwa hoja, ataendelea kuanguka.

Mwambie shangazi yako aache kuficha vitu vya mjane. Ukimvua mtu kiatu kibaya bila kumpa kizuri, umemwachia soksi, na matokeo yake mmeyaona. Nyonga hiyo ilitazamwa hospitali? Hukuniambia, na hilo limenikera. Mpeleke kesho.

Kisha nenda sokoni pamoja naye, usimnunulie kwa kukisia. Achague mabuti ya saizi yake, yenye meno kwenye soli. Ayajaribu akiwa na soksi zile zile za sufu, atembee, na wewe utazame kama kisigino kinacheza ndani. Nyumbani avae viatu vilivyofunika kisigino, vyenye soli ya mpira, kandambili usimletee. Hiyo nta ikome. Koti lipelekwe kwa fundi likatwe hadi magotini, kama mwenyewe ataridhia. Litabaki kuwa la mumewe. Aendapo shambani, kitenge akipandishe juu ya kifundo na kukifunga vizuri kiunoni.

Kazi ichukue. Ukibaki kumshika mkono utachoka zaidi, utaanza kumkaripia, naye atajifunza kuondoka nyumbani kabla hujaamka. Shangazi yako awe anapita kumwona, maana nia njema anayo, amekosa tu pa kuitumia.

Mabuti ya marehemu usiyatupe. Yajaribu, nadhani yatakutosha wewe. Asubuhi moja kabla ya kupanda basi la Kasanga, mwombe mama ruhusa, yavae, utangulie kwenye utelezi taratibu, naye afuate akikanyaga ulipokanyaga, miguu yake ikiwa ndani ya viatu vyake mwenyewe. Mkifika shambani, usimhutubie. Shika jembe.