Bustani Niliyomwonyesha Mama

Jumapili, 24 Agosti
Bustanini tena baada ya ibada. Gauni la kijani, viatu vya kuazima kwa Mama Esta. Maua ya azalea yamefunguka, ya waridi na meupe, majani hayaonekani. Wakongo wa mjini tunapiga picha palepale kila Jumapili, kwa zamu, mlinzi ameshatuzoea. Nikatabasamu, Mama Esta akapiga. Nikamtumia mama, kwetu Uvira.

Jibu: bustani yako mwaka huu imependeza zaidi.

Bustani yangu! Miaka mitatu iliyopita aliuliza kama pale ni kwangu, nikasema ndiyo. Nilikuwa nimechoka na yeye alikuwa amefurahi. Kwangu ni nusu ya chumba, ghorofa ya saba, mtaa wa Albert Park, huku kusini kabisa mwa Afrika. Pazia katikati, Mama Esta wa Kigoma upande wa pili. Dirishani nina kopo la rangi lenye udongo. Halijawahi kuotesha kitu.

Jumanne, 2 Septemba
Mama katuma sauti. Bunduki zinasikika karibu. Amempatia Riziki njia ya kuja kwangu. Riziki, mdogo wangu, miaka kumi na tisa. "Nyumba yenye maua namna ile haiwezi kukosa pa kulala," anasema. Hakuniuliza. Aniulize nini? Kila mwaka namwonyesha nafasi.

Nimesuka vichwa vinne saluni. Sikumbuki sura hata moja.

Jumatano, 3 Septemba
Nimeandika: mama, pale si kwangu, ni bustani ya watu wote. Nimefuta. Nimeandika tena, nimefuta.

Mama Esta: "Mwambie, dada. Aibu haiui mtu."

Najiambia nanyamaza kwa sababu ya vita. Uongo. Naona haya, basi.

Ijumaa, 5 Septemba
Riziki ameondoka. Majirani wote wanavukia Burundi, kambini, mwendo wa saa chache. Wa kwetu anapitishwa nchi nne kwenye lori, kwa sababu ya picha.

Jumapili, 14 Septemba
Ujumbe wa Riziki: tumefika Malawi, miguu imevimba, nisalimie maua. Kanisani sikusikia neno. Bustanini sikwenda.

Jumamosi, 20 Septemba
Siku sita kimya. Simu yake haipatikani.

Nilipotoka kazini nikapita bustanini. Klivia zimechanua chini ya miti, rangi ya chungwa, eneo zima. Watu wamekaa na watoto wao, wanakula keki. Nikachuma ua moja nikalikanyaga. Bibi mmoja akanitazama vibaya. Alikuwa na haki.

Jumatano, 24 Septemba
Sikukuu ya nchi hii. Moshi wa nyama kila balkoni. Mama kauliza habari. Nikasema mtandao ni mbaya Msumbiji. Akaomba picha ya maua, moyo wake utulie. Nikatuma ya mwaka jana.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ina miaka mitatu na bado naikanyaga. Mimi ni mtu mbaya.

Jumatatu, 29 Septemba
Yuko hai.

Namba nisiyoijua: njoo Isipingo, kwenye renki, kituo cha teksi. Nikamkuta amekaa juu ya kreti, ndala moja, mguu wa kulia umefungwa kitambaa. Lori liliwashusha kabla ya mpaka, wakatembea porini siku nne. Alikanyaga bati. Mguu unanuka.

Simu, begi, viatu, vyote vimepotea. Limebaki fundo kwenye pindo la kitenge. Mbegu za maua ya mlangoni kwetu. Mama kazituma nizipande.

Chumbani alitazama pazia, kisha dirisha, kisha mimi.

"Yaya, jardin iko wapi?" Kwetu yaya ni dada mkubwa, na jardin ni bustani.

Nikamwambia yote. Akaomba maji.

Jumanne, 30 Septemba
Kliniki. Getini wamesimama watu wasiotaka wageni, si wafanyakazi wa pale, wanadai kitambulisho cha nchi hii. Hatuna. Tukarudishwa. Riziki akauliza wamesema nini. Nikasema foleni ni ndefu.

Ijumaa, 3 Oktoba
Homa ilipanda, tukaenda hospitali, wakampokea. Vidole viwili vya mguu vimekatwa, kile kidogo na cha jirani yake. Daktari anasema angefika mapema vingepona. Karatasi nimesaini mimi.

Jumanne, 7 Oktoba
Ametoka. Kitu cha kwanza, kafungua fundo akapanda mbegu kwenye kopo. Anamwagilia kwa kijiko. Hajanitukana hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 12 Oktoba
Kaomba nimpeleke. Tumekwenda polepole, anatembelea gongo. Jakaranda zimeanza, zambarau juu na chini. Nikamwonyesha mahali petu pa picha.

"Sasa njo hapa?"

"Ndipo. Njo hapa."

Akatazama sana. Nilisubiri. Akasema ni kuzuri, kisha: "Nipige foto, yaya. Mama anangoja."

Akanipa gongo. Akajisogeza nyuma ya klivia za mwisho mpaka miguu ikafichika. Akacheka kama mwenye nyumba. Nikapiga, nikatuma.

Jumatatu, 13 Oktoba
Jibu la mama: Riziki amependeza. Maua ni mengi. Basi Furaha naye ajiandae, safari ni wiki ijayo.

Furaha ni kitinda mimba wetu. Ana miaka kumi na mitano.

Riziki akasoma, akanirudishia simu, akageukia ukuta. Nikapiga picha. Pazia, godoro moja, mguu wake juu ya mto, kopo dirishani. Alipojua akanishika mkono.

"Usitume, yaya. Utaua mama."

Nimetuma. Chini nikaandika: hapa ndipo kwangu, bustani ni ya watu wote. Riziki amekatwa vidole. Furaha avukie Burundi.

Alama zimegeuka buluu, ameshasoma.

Alhamisi, 16 Oktoba
Hajajibu. Riziki hasemi nami. Mama Esta anapika kwa ajili yetu wote na hasemi pia, na kwake hilo ni jambo kubwa.

Jumapili, 19 Oktoba
Mvua tangu asubuhi. Hatukwenda popote.

Mchana mama katuma sauti, fupi. Tumeisikiliza pamoja, Riziki na mimi, simu katikati. Furaha yuko kambini Burundi tangu juzi, na mwenzake wa shule. Mguu hakuutaja. Pazia hakulitaja, wala bustani. Jogoo akasikika nyuma yake. Kisha akauliza: lile kopo la dirishani, ndimo mlimopanda mbegu zangu? Zimeota?

Riziki akajiburuta mpaka dirishani, akachungulia, akatikisa kichwa.

Nimemjibu mama, bado.