Kanali Kapelekwa Jikoni

Mwanangu Rajabu, salaamu kutoka Troyeville, huku kusini mwa Afrika. Anaandika dada yako, maneno ni yangu. Baridi ya huku inauma, ila mie nawaka moto.

Jana kwa wakwe wa dada yako alialikwa Mmarekani mweusi, kanali wa jeshi, mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza kikosi chao. Alikuja na dereva mwanamume, askari wake, wote wamevaa kiraia. Basi wazee wakamkimbilia dereva: "Karibu, Kanali!" Wakampa kiti na nyama ya kichwa, heshima ya wanaume huku. Kanali mwenyewe wakamwelekeza jikoni, kwetu wanawake!

"Nimezoea, mama," akaniambia, dada yako akitafsiri. "Hata kazini, saluti yangu walikuwa wanampigia mwanamume aliye nyuma yangu."

"Umezoea nini? Usizoee!" Nikamshika mkono mpaka uani walikoketi wazee. "Kanali ndiye huyu. Mpisheni!" Dereva akaruka kitini, akampigia saluti mbele yao wote.

Na wewe unamkatalia Zuhura jeshi, eti mwanamke mwenye magwanda nani atamheshimu. Nani? Anza wewe, baba yake! Mwache mjukuu wangu aende.

Ule ushibe, roho yangu, nakupenda hivyo hivyo na ubishi wako.

Mama yako